Alama ya kutoa iliyogeuka

Kwa aliyefanya kazi ya kufuatilia Ebola huko Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, siku haikuwa jambo la kukadiria. Aliyemgusa mgonjwa alifuatiliwa siku 21. Mlipuko wenyewe haukutangazwa umekwisha mpaka zipite siku 42 bila mgonjwa mpya. Tangazo hilo lilipokuja, tarehe 25 Juni 2020, hesabu ilikuwa wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Kila namba ya namna hiyo imesimama juu ya tarehe, na siku hizi tarehe mara nyingi huandikwa na simu.

Ndani ya simu za wahoji wengi wa Kivu Kaskazini mna fomu za KoboToolbox, programu ya kukusanyia taarifa. Waanzilishi wake, Patrick Vinck na Phuong Pham, wanaifahamu Kongo ya mashariki tangu zamani. Wao na wenzao ndio waliowahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo kati ya tarehe 1 na 16 Septemba 2018, mlipuko ukiwa mchanga, wakakuta robo ya waliohojiwa hawaamini kwamba Ebola ipo. Fomu ya Kobo haihitaji mtandao wakati wa kujazwa. Mhoji anaweza kuijaza kijijini Jumatatu, ikakaa ndani ya simu, ikaondoka Jumatano akifika mjini penye mtandao. Seva inayoipokea imeandikwa kwa lugha ya Python, juu ya kiunzi kinachoitwa Django.

Kiunzi ni kile ambacho mjenzi wa tovuti hukikuta tayari: namna ya kuzungumza na hifadhidata, kutambua mtumiaji, kupokea fomu, kupanga tarehe. Django ilizaliwa katika chumba cha habari cha gazeti la mji wa Lawrence, Kansas, ikatolewa huria mwaka 2005, na leo yeyote anaweza kuisoma, kuitumia na kuitengeneza. Kila baada ya miezi 8 hivi hutoka toleo jipya. Ninachotaka kukitazama hapa ni majuma ya mwisho kabla ya toleo kutoka, kwa sababu humo ndimo ninamouona ufundi ambao watu wa nje hawausifu, na pengine hawajui kwamba upo.

Chukua toleo la 3.2. Alfa yake, yaani toleo la majaribio ya kwanza, ilitoka tarehe 19 Januari 2021, na siku hiyo mlango wa mambo mapya ukafungwa. Mtu anaweza kuja na wazo zuri kiasi gani, ataambiwa asubiri toleo lijalo. Tarehe 7 Februari Kongo ilitangaza kwamba Ebola imerudi, safari hii upande wa Butembo. Tarehe 19 Februari ikatoka beta ya 3.2, ya majaribio ya pili, na mlango wa pili ukafungwa: tangu hapo hata marekebisho ya kawaida hayaingii katika tawi la toleo, isipokuwa ya hitilafu zinazozuia toleo lisitoke. Tarehe 18 Machi likaja toleo tarajiwa, la majaribio ya mwisho, na tarehe 6 Aprili toleo kamili. Mlipuko wa Butembo ulimalizika tarehe 3 Mei, wagonjwa 12, waliokufa 6.

Hitilafu gani inazuia toleo? Hapa ndipo mgeni hushangaa. Hitilafu iliyodumu miaka kumi haizuii, hata ikiwa inaudhi. Inayozuia ni ile iliyozaliwa ndani ya toleo hili hili: jambo jipya lisilofanya kazi, au jambo la zamani lililokuwa linafanya kazi jana na leo halifanyi. Vilevile inayopoteza data, inayoangusha programu, au inayofungua mlango kwa wezi. Mwanzoni utaratibu huu unaonekana kama uvivu uliovalishwa kanuni. Kwangu ni heshima. Watu wamekwisha kuizoea hitilafu ya zamani, wameizunguka, wengine wamejenga juu yake. Ukiing'oa ghafla majuma mawili kabla ya toleo, unaweza kuwaangusha wale wale uliotaka kuwasaidia.

Butembo ni mji wa wafanyabiashara wa kahawa, na anayejua meza ya kuchambulia kahawa atalielewa hili upesi. Mama aliyekaa mbele ya meza hiyo hutoa punje nyeusi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu. Mkono wake hauongezi kitu. Mbegu bora, kivuli cha shambani, namna ya kukausha, hayo yalikuwa ya miezi iliyopita na yatakuwa ya msimu ujao. Sasa kuna gunia na kuna kilichomo ndani yake. Kwa mtengenezaji wa programu kujizuia hivi ni kugumu kuliko inavyoonekana. Ukifungua msimbo kutafuta kosa moja utakuta jirani yake ameandikwa vibaya, jina moja linapotosha, kitanzi kimoja kinazunguka bure. Mkono unawasha. Fundi halisi huandika tiketi nyingine, yaani taarifa ya hitilafu, kwa ajili ya hayo, akafunga faili, akarudi kwenye kosa lililomleta.

Ila hata meza ikiwa na wachambuzi wazuri, punje moja hupita. Toleo la 3.2 lilitoka na hitilafu ndogo ya saa, na ni hiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu mtu wa Butembo anaweza kuielewa bila kuwa mtaalamu.

Kongo ina kanda mbili za saa. Kinshasa iko saa moja mbele ya saa ya dunia, Butembo na Beni saa mbili mbele. Wafanyabiashara wanaopita Kasindi kwenda Kampala wanajua pia kwamba ukivuka tu mpaka saa inaruka mbele tena. Kompyuta huzitambua kanda hizi kwa majina. Ya kwetu upande wa mashariki ni Africa/Lubumbashi. Lakini kuna familia nyingine ya majina, ya kizamani kidogo, isiyotaja mji wowote: Etc/GMT-2, Etc/GMT-10 na ndugu zao. Humo alama zimewekwa kinyume na akili ya kawaida, kwa kufuata desturi ya zamani ya mifumo ya Unix. Etc/GMT-2, yenye alama ya kutoa, maana yake ni saa mbili mbele. Yaani saa ya Butembo.

Hifadhidata ya PostgreSQL nayo hufuata desturi hiyo ya kinyume inapopewa tofauti ya saa kwa namba tupu. Kwa hiyo Django, kabla ya kumkabidhi PostgreSQL namba hiyo, huigeuza alama: kujumlisha kuwa kutoa, kutoa kuwa kujumlisha. Kwa miaka mambo yalikwenda vizuri, kwa sababu Django iliiuliza kanda tofauti yake, ikapata namba, ikaigeuza. Katika 3.2 sehemu hiyo iliguswa kwa nia njema kabisa. Maktaba ya zamani ya kanda za saa ilikuwa inaelekea kuachwa, na msimbo ulitakiwa ukubali maktaba nyingine pia. Badala ya kuuliza tofauti, ukaanza kuuliza jina. Jina likaja Etc/GMT-10, ndani yake mna alama ya kutoa, na kigeuzi kikafanya kazi yake kwa utiifu: kikatoa Etc/GMT+10. Kilichokuwa kimegeuzwa tayari kikageuzwa mara ya pili.

Tuseme mtu wa Butembo aliiweka programu yake kwenye Etc/GMT-2, kisha akaomba fomu zake zipangwe kwa saa na kwa siku. Fomu iliyofika saa mbili asubuhi ingeandikwa saa kumi alfajiri. Zile zilizofika kati ya saa sita usiku na saa kumi alfajiri zingehesabiwa jana yake. Hakuna kinachoanguka, hakuna ujumbe mwekundu kwenye kioo. Jedwali linatoka safi, lenye siku isiyo yake. Aliyechagua Africa/Lubumbashi hakuguswa, kwa maana jina hilo halina alama ya kugeuzwa, na bila shaka ndiyo sababu hitilafu ilipenya alfa, beta na toleo tarajiwa bila kuonekana: wengi hutumia majina ya miji.

Tiketi yake ilipewa namba 32992. Tiketi nzuri ni nusu ya matengenezo. Aliyeandika tu kwamba tarehe zimeharibika amemwachia mwingine kazi yote. Tiketi ya kusifiwa husema: toleo lililopita lilitoa hiki, hili linatoa kile, hifadhidata ni hii, kanda ni hii, na mistari michache hii inatosha kuliona kosa kwenye mashine yako. Kila neno lisilohusika limeondolewa. Nimewahi kusikia watu wakidhani kipaji cha mtengeneza programu ni kuandika haraka. Nadhani kipaji kikubwa zaidi ni huku kupunguza: kuchukua programu ya kurasa elfu inayokosea mahali fulani, kukata, kukata tena, mpaka ibaki mistari mitano inayokosea vilevile.

Halafu kuna kutafuta mabadiliko yaliyoleta kosa. Historia yote ya Django imehifadhiwa hatua kwa hatua, na kifaa cha Git kinaweza kuipasua katikati. Unalijaribu toleo la katikati. Likiwa zima, kosa liko baadaye. Likiwa bovu, liko nyuma. Unapasua tena nusu iliyobaki. Mabadiliko elfu moja huishia katika majaribio kama kumi. Ukimpata mhalifu, hugombezwi wala humgombezi mtu. Katika maelezo ya marekebisho unaandika tu, kwa wakati uliopita kama desturi ya mradi ilivyo, kwamba kosa namba fulani limerekebishwa, lililetwa na mabadiliko fulani. Nasaba ya kosa inabaki kwa atakayekuja.

Marekebisho yenyewe ya 32992 yalikuwa madogo mno: uliza kwanza tofauti, na jina ulitumie tu pale tofauti isipopatikana. Yule wa haraka angeweza kuongeza sharti kwamba jina likianza na Etc lisigeuzwe. Lingefanya kazi, na lingekuwa baya, kwa kuwa lingetibu dalili na kumwachia msomaji wa kesho fumbo. Walirudisha swali la zamani mahali pake.

Na hakuna marekebisho yanayopita bila jaribio: kipande cha msimbo kinachoshindwa kabla ya marekebisho na kufaulu baada yake. Ukileta marekebisho peke yake, tiketi huwekewa alama kwamba inahitaji jaribio, na inakaa. Mradi una maelfu ya majaribio kama hayo, na unahudumia hifadhidata tano, PostgreSQL, MySQL, MariaDB, Oracle na SQLite, kila moja na tabia zake. Kilichomponya mmoja hakiruhusiwi kumuumiza mwingine.

Katika majaribio ya saa kuna jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki atalifurahia. Yalipoandikwa kwa ajili ya toleo la 1.4 la mwaka 2012, mwandishi alihitaji kanda zisizobadilisha saa kiangazi na kipupwe, zisimchanganye. Akachagua mbili: Bangkok na Nairobi. Katika majaribio hayo ni tarehe 1 Septemba 2011, saa saba na dakika 20 mchana, saa za Nairobi. Kila mtu anayerekebisha Django popote duniani huyaendesha, na saa ya Nairobi hukaguliwa naye bila yeye kufikiri juu ya Nairobi. Ikatokea kwamba marekebisho ya 32992 yalitoka katika toleo la 3.2.7, tarehe 1 Septemba 2021, miaka kumi kamili baada ya mchana huo wa kubuni. Sadfa tupu, lakini nzuri.

Kazi hii inalipwa, japo kidogo ukilinganisha na wanaonufaika. Tangu 2014 taasisi inayosimamia Django huajiri watu wachache wa kuchambua tiketi, kukagua marekebisho na kutoa matoleo. Wakati wa 3.2 walikuwa Mariusz Felisiak na Carlton Gibson. Wengine wote ni watu wa kujitolea, na hao ndio watafsiri pia. Toleo tarajiwa likitoka, maneno yanayoonekana na mtumiaji hugandishwa, mtu asibadilishe hata sentensi moja ya onyo, ili watafsiri wapate kufikia. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha hizo. Utaratibu huu mdogo naupenda: mhandisi anafunga mdomo ili mtafsiri apate nafasi ya kusema.

Novemba 2023 mkutano wa kwanza wa Django wa Afrika ulifanyika Zanzibar. Butembo ni mbali na Zanzibar, na kwa kijana wa huko nauli ni hadithi nyingine. Kifurushi cha 3.2 chenyewe, hata hivyo, kilikuwa megabaiti 8 hivi, na alfa haina mlinzi mlangoni. Anayeendesha programu halisi juu yake, kwa saa ya Lubumbashi na fomu zilizochelewa kwa kukosa mtandao, ataona mambo ambayo mtu wa Lawrence hawezi kuyaona.

Tarehe 8 Oktoba 2021, majuma matano baada ya 3.2.7, Ebola ilitangazwa tena, sasa Beni. Django 4.0, iliyoendeleza uhamaji ule wa maktaba ya saa ulioleta hitilafu, ilitoka tarehe 7 Disemba. Mlipuko wa Beni ulitangazwa umekwisha siku tisa baadaye.