Mahali pa Kukatia Uzi

Jirani yangu mmoja hapa Katindo hufuma sweta za watoto, maana asubuhi za Goma zina baridi. Huhesabu vitanzi kwa midomo, vitatu vitatu, na akizidisha kimoja tu, ua lote linahama. Nikimtazama huikumbuka ribosomu, fundi aliyemo ndani ya karibu kila seli.

Ribosomu nayo husoma ujumbe wa jeni herufi tatu tatu. Herufi zenyewe ni nne, kwa hiyo mafungu hayo, yaani kodoni, ni 64. Mafungu 61 hutaja asidi amino ya kuongezwa kwenye mnyororo wa protini. Matatu yaliyobaki, UAA, UAG na UGA, hayataji kitu: ni kodoni za kukomesha kazi.

Hapo ndipo ninapostaajabu zaidi. Kwenye kodoni nyingine hufika mchukuzi na mzigo wake wa asidi amino. Kwenye kodoni ya kukomesha huja protini yenye umbo la mchukuzi, lakini mikono mitupu. Ncha yake huikaribisha molekuli moja ya maji mahali mnyororo uliposhikiliwa, na maji hayo ndiyo yanayoukata. Mkasi wa seli ni maji!

Virusi vya Ebola, vilivyofika Goma Julai 2019, vimejifunza kuuchezea ufundi huo. Katika jeni yao moja pana mahali ambapo nakala hutoka na herufi A, yaani adenini, saba mfululizo. Mara nyingi zinabaki saba. Ribosomu hukutana na kodoni ya kukomesha mapema, na protini fupi ya asidi amino 364 humwagwa katika damu. Lakini pengine kimeng'enya kinachonakili huteleza, kikaongeza adenini ya nane. Mafungu yote ya mbele yanasogea. Kodoni ile ya kukomesha ipo palepale, ila imegawanyika kati ya mafungu mawili, haisomeki tena. Kazi inaendelea hadi asidi amino 676, na protini hiyo ndefu ndiyo inayosimama juu ya virusi na kuvifungulia mlango wa seli.

Chanjo iliyotolewa mjini mwetu wakati ule ilibeba jeni ya protini hiyo ndefu, iliyotokana na virusi vya mlipuko wa Kikwit wa 1995.

Jana jirani alikuta kitanzi kimoja cha ziada kwenye mkono wa sweta. Hakusema neno. Alifumua mistari sita, akaanza tena kuhesabu.