Fundi wa Mche wa Mkongo

Ukivuka Mto Rufiji kutoka Utete unafika Mkongo. Huku mtu akiamua kuotesha mti wa mkongo uani kwake, kazi huanzia kwenye ganda. Likikauka hupasuka, na ndani, katika utando mweupe, zimelala mbegu nyeusi ti, kila moja ina kikofia chekundu. Panya na ndege hukipenda kikofia hicho, hivyo mwoteshaji hukimenya kwanza. Kisha huchambua: yenye tundu la mdudu, tupa. Nzima huikwaruza kidogo, huiloweka usiku kucha, na asubuhi huiatika kwenye kiriba chenye udongo wa kichanga na samadi iliyooza.

Hapo ndipo subira inapoanza. Mbegu hukaa kimya kwa wiki kadhaa. Asiye na moyo hufukua kuangalia, akaiharibu. Fundi hunyunyiza maji tu, ya kutosha unyevu, si ya kulowesha chapachapa. Mche ukichomoza, majani yake machanga hung'aa, rangi ya shaba.

Lakini macho ya fundi yako chini. Mkongo hutanguliza mzizi, na mzizi huo huenda mbali kuliko shina linavyoonyesha. Ndiyo maana huchagua viriba virefu, na kila baada ya muda huviinua kimoja kimoja. Mzizi uliotoboa kitako cha kiriba hukatwa kwa wembe. Ukiachwa ujisokote humo ndani, mti utakua na kilema chake. Namvulia kofia mtu huyu kwa uangalifu huo, maana kazi yenyewe hakuna mpita njia atakayeiona.

Masika yakikaribia hupunguza makuti ya kivuli ili mche uzoee jua. Hauhamishii bondeni kwenye mpunga, ambako maji ya mto hutuama. Huupandisha juu penye kichanga, jirani na mikorosho, na kuuzungushia miiba mbuzi wasiuguse.

Huko California wako wanaootesha sekwoya kubwa nyumbani, mti unaoweza kuishi zaidi ya miaka 3,000, kutokana na mbegu ndogo kuliko punje ya mpunga. Mkongo hauna umri huo, ila nao humtaka mpandaji awafikirie wajukuu. Mbao yake nyekundu ndiyo mbambakofi wa Lamu, uliochongwa milango ya nakshi. Tangu Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, mbao za kusini zimepata njia rahisi ya kwenda Dar es Salaam. Msumeno huuangusha mkongo kwa muda mfupi. Kuurudisha huchukua zaidi ya maisha ya mtu mmoja.

Kwa hiyo mwoteshaji ni fundi sawa na seremala. Kijiji kinachovuna mkongo kimlipe kama kinavyomlipa mpasua mbao.