Ameuza nini, na amemuuzia nani? Kitenzi cha mashabiki na hatima ya chipukizi

Vitenzi vya biashara vimejaa tele katika mazungumzo ya mashabiki wa soka nchini. Klabu hununua mshambulizi na kuuza beki, mchezaji ana bei, na kocha asiyeshinda huambiwa ana deni. Leo ninanuia kukichambua kimojawapo cha vitenzi hivyo, yaani ‘uza’, jinsi kinavyotumiwa mashabiki wanapojadili vikosi vyao na wachezaji chipukizi. Rai yangu ni kwamba matumizi yake ya sasa yanakiuka sarufi na yanakiuka haki, na kwamba anayerekebisha la kwanza atakuwa amerekebisha sehemu kubwa ya la pili.

Mifano yangu nimeitoa Soin, nyanda za chini za Kaunti ya Kericho. Huko juu kuna baridi na mashamba ya majani chai. Huku chini kuna joto na miwa, na ukivuka mpaka umeingia Kaunti ya Kisumu. Shabiki wa Soin anaongea Kipsigis nyumbani. Jirani yake wa ng’ambo anaongea Dholuo. Wakikutana mbele ya televisheni ya hoteli au kando ya uwanja wa shule, hukutania katika Kiswahili. Ndiyo maana neno likizuka upande mmoja wa mpaka, upande wa pili hulipata jioni hiyo hiyo.

Hebu tazama mazungumzo haya niliyoyanakili baada ya mechi moja ya vijana, ambapo mnyakaji wa umri wa shule aliuachilia mpira wa kawaida ukampita kwapani:

“Nani alimpa huyu mtoto namba? Si ameuza!”

“Hajauza, mzee. Amechoma tu. Mvua imenyesha, mpira unateleza.”

“Wewe kijana huoni? Hiyo ni kuuza. Kwanza mwenye alikuwa anadaka msimu uliopita amekaliswa benchi kwa nini?”

“Aliumia, mzee.”

“Aliumia wapi! Wameuza wote.”

Mjadala ulianza na uteuzi wa kikosi, suala ambalo shabiki ana haki kamili ya kulihoji. Nani alimpa namba? Kwa nini mkongwe anasugua benchi? Hayo ni maswali ya mpira. Lakini kitenzi ‘ameuza’ kilipoingia, maswali yalikoma, na waliokuwa wakijadili kikosi wakawa mahakimu wanaotoa hukumu.

Tuanze na sarufi. ‘Uza’ ni kitenzi elekezi. Hakikamiliki bila yambwa, ama iliyotajwa ama inayoeleweka kutokana na muktadha. Mama akisema, “Nimeuza,” nasi tunaona kikapu kimebaki kitupu, tunajua ameuza nini. Kadhalika tendo lenyewe halifanywi na mtu mmoja. Ukikinyambua kitenzi hicho katika kauli ya kutendea unapata ‘uzia’, na hapo pana muuzaji, bidhaa na mnunuzi. Tena hapana mauzo pasipo malipo. Sasa mrudie mnyakaji wetu. Ameuza nini? Amemuuzia nani? Amelipwa shilingi ngapi, na nani aliyemwona akipokea? Mzee hakuwa na jibu la swali hata moja kati ya hayo. Alichokuwa nacho ni goli. Kwa kuidondosha yambwa, sentensi yake iliruka palepale ambapo ushahidi ungetakiwa.

Ajabu nyingine inajitokeza katika kauli ya kutendwa. Agosti 2025, katika fainali za CHAN ambazo Kenya iliziandaa pamoja na Tanzania na Uganda, Ryan Ogam aliifungia Harambee Stars bao la pekee dhidi ya Morocco, kisha bao la pekee dhidi ya Zambia. Baadaye akaihama Tusker na kuelekea Austria, katika klabu ya Wolfsberger. Mashabiki walisema kwa fahari, “Ogam ameuzwa Ulaya!” Mchezaji aliyeuzwa ni shujaa; mchezaji aliyeuza ni msaliti. Mzizi ni uleule. Kinachozitenganisha sifa na laana ni kiambishi ‘-w-’ tu, na chipukizi anatazamiwa aishi katikati ya hizo mbili bila kuteleza.

Kuna watakaosema kwamba nalikuza jambo dogo. Wanafunzi wa isimujamii wanajua kuwa sajili ya uwanjani ina sifa zake: chuku, msamiati wa vita, sentensi fupi, kuchanganya ndimi, utani usioisha. Shabiki akisema kiungo ‘ameua’ hatuiti polisi. Kwa nini basi tukiandame kitenzi ‘uza’?

Jibu ni kwamba hakuna kiungo aliyewahi kuua kwa pasi, ilhali mechi huuzwa kweli. Na Kericho tunalijua hilo kuliko wengi. Klabu ya Zoo ilipanda Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2017, ikiutumia uwanja wa Kericho Green kama uga wake wa nyumbani. Mwaka huohuo Michael Madoya, aliyekuwa akiichezea, alitawazwa mchezaji bora wa ligi. Nicholas Kipkirui naye alipitia Zoo kabla ya kujiunga na Gor Mahia. Kijana wa huku hakuhitaji tena kwenda Nairobi ili aonekane. Angeweza kuonekana akiwa kwao. Kisha Mei 2021 ikatangazwa kwamba Shirikisho la Soka Duniani, FIFA, limeifurusha Zoo kutoka Ligi Kuu kwa sababu ya upangaji wa matokeo ya mechi.

Tukio hilo ni zito, nami sina nia ya kuifungua kesi upya. Ninauliza swali la lugha tu. Siku ambayo kosa la kweli lilitokea, shabiki alikuwa na neno gani la kulitaja? Alikuwa na ‘wameuza’, neno ambalo alikuwa amelitumia kwa kila kipigo, kila penalti iliyopaa na kila beki aliyechelewa kurudi. Mbwa anayebwekea kila kivuli, mwizi hana haja ya kumwogopa. Neno lililokuwa lituamshe tulikuwa tumelizoea, na wale waliocheza kwa jasho na wale waliopanga hila tuliwatia katika kapu moja.

Wala Kiswahili hakina upungufu hapa. Kina ngazi nzima ya vitenzi, na kila kipago kina uzito wake. Mchezaji anaweza ‘kuteleza’, nasi twasema kuteleza si kuanguka. Anaweza ‘kukosea’, yaani alikusudia jambo sahihi likamshinda. Anaweza ‘kuboronga’, akalifanya ovyo. Vijana wetu wameongeza ‘kuchoma’, neno la mtaani ambalo mimi silikatai: linasema mtu ameharibu na ameaibika, na halisemi lolote kuhusu nia yake. Kijana wa mazungumzo yetu alilitumia kwa usahihi kuliko mzee wake. Juu ya hapo yapo ‘kuzembea’, ambapo lawama huanza kugusa moyo wa mtu na si mguu wake pekee, kisha ‘kuhujumu’, na mwisho kabisa ‘kuuza’. Anayerukia kipago cha juu kila mara hawezi kujisifu kwamba ana lugha kali. Lugha yake ni finyu, kwa kuwa neno moja linafanya kazi ya maneno sita.

Anayeumia zaidi kwa ufinyu huo ni chipukizi. Mkongwe akitukanwa ana rekodi ya kumtetea. Chipukizi hana. Mechi moja mbovu ndiyo yote anayojulikana nayo. Isitoshe, majina yenyewe tunayomwita yanatofautiana sana. Akiitwa ‘mwanagenzi’, anakubaliwa kuwa yumo katika kujifunza kazi. Akiitwa ‘limbukeni’, anadharauliwa kama mtu aliyekipata kitu kwa mara ya kwanza kikamlevya, ingawa jina hilo lina undugu na ‘limbuko’, yaani zao la kwanza ambalo mkulima hulipokea kwa furaha. Akiitwa ‘chipukizi’, analinganishwa na mmea, na hapo watu wa Kericho hawana kisingizio cha kutoelewa.

Mchumaji wa majani chai huchuma majani mawili na chipukizi lililo katikati. Kila mtu hapa anajua hivyo. Lakini kila mtu anajua pia kwamba mche uliopandwa juzi hauchumwi. Hupogolewa, hupaliliwa, hukaa takriban miaka mitatu kabla ya kuanza kuchumwa kwa kawaida. Hakuna mkulima anayeung’oa mche wa mwaka wa kwanza akilalamika kwamba haujaleta bonasi. Mkulima huyohuyo, akivaa jezi Jumamosi, anataka mnyakaji wa miaka kumi na saba awe mti uliokomaa kabla ya kipenga cha mapumziko.

Methali nayo huvutwa kuhalalisha haraka hiyo. “Nyota njema huonekana asubuhi,” husema shabiki, akimaanisha kwamba kijana ambaye hakung’aa katika mechi ya kwanza asitarajiwe kung’aa tena. Huko ni kuipindua methali. Methali inasema kwamba dalili za wema hujitokeza mapema. Haisemi kwamba asubuhi yenye mawingu haina nyota. Na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kwa hiyo hata chipukizi aliyeng’aa hasaidiwi na kupewa utukufu wote siku ya kwanza. Sifa zilizopita kiasi na tuhuma zisizo na ushahidi zina asili moja, nayo ni uvivu wa kumtazama mchezaji vizuri na kusema alichofanya.

Wapo watakaonirudisha kwenye utani. Pambano la Gor Mahia na AFC Leopards, watasema, linaitwa debi ya mashemeji, na mashemeji hawachungi ndimi zao. Naam, lakini jina hilo lenyewe lina fundisho. Shemeji hutaniwa kwa sababu ni wa familia, na anajibu utani kwa utani. Ana nguvu sawa na yako. Mnyakaji wa miaka kumi na saba hakurudishii neno. Anasimama golini dakika zilizosalia, na nyuma ya goli wamo baba zake wadogo, walimu wake, na mama anayeuza mahindi ya kuchoma. Neno ‘ameuza’ litamfuata hadi siku ya majaribio katika klabu ya mbali, na litafika kabla yake. Hapo hapana utani.

Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alikuwa sauti ya kipindi “Je, Huu ni Uungwana?” redioni, na pia alikuwa mtangazaji wa mechi za soka kwa Kiswahili. Wasikilizaji wa rika langu hawakuona ajabu mtu mmoja kuzimudu kazi hizo mbili. Msisimko wa mpira na adabu ya ulimi vilikuwa vikikaa katika koo moja.

Sisemi mashabiki wanyamaze. Kikosi kihojiwe, kocha aulizwe, mchezaji mzembe aambiwe kuwa amezembea, na pakiwa na ushahidi wa kuuza, neno ‘kuuza’ litamkwe wazi na hatua zichukuliwe. Ninachopendekeza ni kipimo kidogo cha sarufi ambacho hata mwanafunzi wa shule ya msingi anakiweza. Mtu akisema, “Ameuza,” jirani yake amuulize kwa upole, “Nini, mzee? Na amemuuzia nani?” Akiwa na jibu, tumsikilize kwa makini. Akikosa, arudi kwenye ‘amekosea’, na mjadala wa nani aanze Jumamosi ijayo uendelee.