Mkanda Mmoja Hautaji Madini

Kosa liko kwenye ufunguo wa ramani. Mchoraji amechukua picha ya setilaiti ya Sentinel-2, akagawanya mkanda wa 11 kwa mkanda wa 12, akapaka nyekundu kila penye namba kubwa, kisha akaandika pembeni: "kaolinaiti, mwamba uliogeuzwa na maji moto". Ramani za aina hii mmeziona. Athari za hewa husafishwa vizuri na mimea mibichi huondolewa. Lakini maneno yale ya pembeni hayana ushahidi hata kidogo. Mkanda wa 12 una kitovu karibu na nanomita 2190 na upana wa takriban 180. Ndani ya upana huo kaolinaiti ina mabonde mawili ya ufyonzaji wa mwanga: dogo karibu na 2165, na la kina karibu na 2205. Muskovaiti ina moja, linalosogea kati ya 2190 na 2225 kadiri alumini inavyopungua, na montmorilonaiti ina lake hapohapo 2205. Kinachotaja madini ni umbo la bonde, na mkanda mpana umelisaga umbo hilo likawa namba moja. Hata nyasi kavu za kiangazi, kwa selulosi yake inayofyonza mwanga karibu na 2100, zinaweza kuipandisha namba hiyo. Kalisaiti, yenye bonde lake karibu na 2340, haionekani kabisa.

Tuseme basi ni kaolinaiti kweli. Maji moto yametoka wapi? Moramu nyekundu, kama ya hapa Buluk, Juba, kwa kawaida ni oksidi za chuma na kaolinaiti, zao la mvua na jua vilivyoozesha mwamba kwa muda mrefu mno. Anayedai maji moto yenye asidi atuonyeshe alunaiti, yenye alama zake 1480 na 1760, ikiandamana na dikaiti au pairofilaiti. Hizo husomwa kwa spektromita iliyoshikwa juu ya jiwe kavu.

Hunt na Salisbury, walipoanza kuchapisha spektra za madini mwaka 1970, walianza na jiwe. ASTER, chombo cha kupiga picha kutoka angani, nayo iliheshimu kazi yao: mikanda sita kati ya nanomita 1600 na 2430, hadi vihisi vya mikanda hiyo vilipoharibika Aprili 2008. Nimelisema hili mara nyingi na sitaliacha: picha zake za zamani ni bure kwa wote tangu Aprili 2016, na bado watu wanakimbilia Sentinel-2 kwa sababu ni mpya.

Nitajibiwa kwamba spektromita ni ghali, na njia ya Kapoeta, ya kuyafikia mawe yenyewe, ni ngumu wakati wa mvua. Ni kweli. Ila ugumu wa safari haugeuzi dhana kuwa kipimo, na mawe machache yakiletwa Juba, yakakaushwa, yanaweza kupimwa kwa chombo cha kuazima. Hadi hapo, ufunguo wa ramani uandikwe: "huenda kuna madini ya udongo, hayajathibitishwa."