Kinubi, Sheng na Dhana ya Muundo: Tahakiki ya Vitabu vya Utangulizi wa Isimu

Mwanafunzi anayeanza kusoma isimu kwa Kiswahili katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki aghalabu huelekezwa kwenye vitabu vichache vinavyojulikana. Kipo Utangulizi wa Lugha na Isimu cha R. M. Besha (1994). Kipo Mtalaa wa Isimu: Fonetiki, Fonolojia na Mofolojia ya Kiswahili cha Richard Mgullu (1999). Kipo Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu cha Massamba, Kihore na Hokororo (1999), kilichotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na baadaye Misingi ya Sarufi ya Kiswahili cha Habwe na Karanja (2004). Deni la taaluma kwa waandishi hawa ni kubwa. Ndio waliothibitisha kwa vitendo kwamba mofimu, fonimu na kirai vinaweza kujadiliwa kwa Kiswahili bila kuazima sentensi nzima kutoka kwa Kiingereza, na istilahi walizozikita ndizo zinazotumika hata katika tahakiki hii.

Hata hivyo, lipo jambo ambalo majina yenyewe ya vitabu hivi yanalidokeza. Vitatu kati ya vinne vinakitaja Kiswahili katika anwani, na kimojawapo kinataja Kiswahili Sanifu waziwazi. Hapana kosa katika hilo. Mwandishi anayetangaza mipaka yake ni mwaminifu kuliko yule anayeificha. Tatizo huzuka darasani, pale kozi inapoitwa utangulizi wa isimu ilhali data yake yote ni ya lugha moja, tena lahaja moja ya lugha hiyo. Mwanafunzi hujifunza umbo la Kiswahili akidhani amejifunza umbo la lugha. Akiambiwa kwamba kitenzi hubeba kiambishi cha nafsi, cha njeo, mzizi, kiambishi cha kauli na irabu ya mwisho, hulichukua hilo kuwa ndio kipimo cha kitenzi kamili. Lugha isiyofanya hivyo huonekana kwake kuwa imepungukiwa.

Dhana hii inaweza kupimwa bila kwenda mbali. Kilomita chache kutoka katikati ya Nairobi upo mtaa wa Kibera, ambao jina lake linatokana na neno la Kinubi kibra, yaani msitu. Wanubi walifika hapo mwanzoni mwa karne ya ishirini. Walikuwa askari na jamaa za askari waliotokana na majeshi ya Kimisri ya kusini mwa Sudani, ambao Lugard aliwachukua mwaka 1891 na kuwaleta Uganda, na ambao baadaye waliingizwa katika jeshi la King's African Rifles lililoundwa mwaka 1902. Waliletwa kutoka makabila mengi ya Sudani, nao katika kambi walizungumza Kiarabu cha amri na cha soko. Watoto wao walikirithi kikiwa kimekwisha kuwa kitu kingine: lugha ya nyumbani, yenye msamiati ambao kwa sehemu kubwa asili yake ni Kiarabu, na sarufi ambayo Mwarabu wa Khartoum hawezi kuidai kuwa ni yake. Wanaisimu huiita krioli. Inazungumzwa Kibera, hususan pande za Makina, na vilevile Bombo nchini Uganda na kwingineko.

Tuchukue mfano mmoja na kuukalia, kwa kuwa una mengi ndani yake. Katika Kiarabu fasihi, mzizi wa konsonanti tatu q-t-l unahusu kuua. Mwarabu husema qatala, 'aliua', na qutila, 'aliuawa'. Konsonanti hubaki mahali pake na irabu ndizo zinazogeuka. Kiswahili kilipokutana na mzizi huo hakikuchukua mfumo huo wa irabu. Kilichukua neno zima, katili, kisha kikalivisha mavazi yake chenyewe: makatili, ukatili, kikatili. Kwa kitendo chenyewe Kiswahili kina mzizi wake wa Kibantu, na kauli ya kutendwa hujengwa kwa kiambishi tamati: aliua, aliuawa. Kinubi nacho kilichukua mzizi uleule wa Kiarabu kikapata kitenzi kátulu, 'kuua', chenye mkazo kwenye silabi ya kwanza. Ili kusema 'kuuawa', Mnubi haongezi kiambishi wala habadilishi irabu. Huhamisha mkazo hadi silabi ya mwisho: katulú.

Njia tatu, kazi moja. Lugha moja hufinyanga irabu za ndani, ya pili hupachika kiambishi, ya tatu huhamisha mkazo. Hakuna hata moja iliyokosa kauli ya kutendwa. Mwanafunzi aliyefunzwa kutafuta -w- ataangalia maandishi ya Kinubi yasiyo na alama za mkazo na kutangaza kwamba lugha hii haina kauli hiyo. Kisha atashangaa kwamba Wanubi wanaelewana barabara juu ya nani ameua na nani ameuawa.

Ni vyema kuutazama mkazo wenyewe kwa makini zaidi. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na kwa hiyo haubebi mzigo mkubwa wa maana. Waalimu hutafuta kwa taabu jozi za kuonyesha kwamba mkazo waweza kutofautisha maneno, na mwishowe hurejea kwenye barabára ya magari na barábara ya 'sawasawa', mfano ambao vizazi vya wanafunzi vimechoshwa nao. Sababu ya uhaba huo ni kwamba Kiswahili hakikukabidhi mkazo kazi ya kisarufi. Kinubi kimeukabidhi, tena kwa utaratibu unaogusa vitenzi kwa jumla na si jozi moja ya kubahatisha. Hapa ndipo mpangilio wa ngazi, unaoanza na fonetiki, kisha fonolojia, kisha mofolojia, kisha sintaksia, unapoyumba. Je, katulú ni suala la fonolojia au la mofolojia? Kinachobadilika ni sauti. Kinachotendeka ni sarufi. Ngazi hizo ni vyumba alivyojenga mchambuzi ili apate pa kuweka vitu vyake. Si vyumba ambavyo kila lugha imejigawa humo kwa namna moja, na haifai mwanafunzi afike mwaka wa tatu kabla ya kuambiwa hivyo.

Kitenzi cha Kinubi kina funzo jingine. Nafsi haibadilishi umbo lake: ana rua ni 'nilikwenda', uo rua ni 'alikwenda', umon rua ni 'walikwenda'. Nafsi husimama peke yake mbele ya kitenzi, na kitenzi hakipatani nayo. Wakati na hali huonyeshwa kwa vipashio vinavyotangulia kitenzi. Ana gi-rua ni 'ninakwenda'. Ana bi-rua ni 'nitakwenda'. Na kipashio kan, ambacho asili yake ni kitenzi cha Kiarabu cha 'kuwa', huirudisha hali nyuma: ana kan gi-rua, 'nilikuwa nikienda'. Kitenzi kisicho na kipashio chochote, kikiwa cha tendo, husomeka kuwa cha wakati uliopita. Ukimya huo una maana, na vitabu vyetu tayari vina istilahi yake: mofimu kapa. Istilahi hiyo hufundishwa kama kioja kidogo cha mofolojia, ilhali katika Kinubi ni nguzo mojawapo ya mfumo wa vitenzi.

Ama kuhusu unasibu wa ishara, dhana ambayo imezoeleka tangu mihadhara ya Saussure ilipochapishwa mwaka 1916, Kibera ina mfano unaopita ule wa kawaida wa kulinganisha majina ya mti au nyumba katika lugha mbalimbali. Kwa Mswahili, moyo ni kiungo kifuani. Kwa Mnubi, moyo ni maji. Mtoto wa Makina hulitumia umbo hilohilo kwa maana zote mbili katika siku moja, kutegemea anazungumza na bibi yake au na mwenzake wa shule, wala hakanganyikiwi.

Sheng huleta tatizo la upande wa pili. Chanzo chake huhusishwa zaidi na mitaa ya mashariki ya Nairobi kuliko Kibera, lakini leo Kibera na Kawangware ni miongoni mwa mahali inaposikika kila saa. Sentensi kama wasee wamedishi, 'watu wamekula', au nimemshow, 'nimemwambia', humfanya mzazi alalamike kwamba hapa pamebaki nini cha Kiswahili. Mchambuzi atajibu: pamebaki karibu kila kitu isipokuwa maneno. Wa- ya nomino imepatana na wa- ya kitenzi. -Me- ipo mahali pake. -M- ya mtendwa imetangulia mzizi, hata kama mzizi wenyewe umetoka Uingereza. Carol Myers-Scotton, akitumia data ya Nairobi katika kitabu chake cha 1993 kuhusu uchanganyaji msimbo, alishikilia kwamba katika mazungumzo ya namna hii lugha moja hutoa kiunzi na nyingine hutoa baadhi ya maneno ya kukijaza. Tukubali nadharia yake yote au nusu yake, mfano wa nimemshow unaafiki. Chege Githiora naye, katika kitabu chake cha 2018, ameiweka Sheng ndani ya Kiswahili cha Kenya tangu kwenye anwani, na kwa kigezo cha muundo uamuzi huo una uzito kuliko madai ya kwamba lugha mpya kabisa imezaliwa.

Kinubi na Sheng basi vinatazamana kama mtu na taswira yake katika kioo. Kinubi kimehifadhi sehemu kubwa ya maneno kikabadilisha kiunzi. Sheng hubadilisha maneno bila kuchoka na kiunzi kinabaki. Anayetaka kumwonyesha mwanafunzi kwamba msamiati na muundo ni vitu viwili hahitaji mfano mwingine, na ni ajabu kwamba vitabu vya utangulizi vilivyoandikwa Nairobi na Dar es Salaam havikuupa mfano huu nafasi unayostahili.

Kuhusu Kinubi chenyewe, kazi ambayo mtafiti huanza nayo ni ya Bernd Heine, The Nubi Language of Kibera: An Arabic Creole (1982), na kwa upande wa Uganda ni ya Inneke Wellens (2005). Kazi ya Heine inastahili sifa kwa kuifungamanisha lugha na mahali na wasemaji wake katika anwani. Lakini anwani ndogo inaipima lugha hiyohiyo kwa Kiarabu, na kipimo hicho kina athari. Msomaji huanza kuhesabu kilichopotea: konsonanti za kooni, unyambuaji wa irabu, upatanisho wa kitenzi na nafsi. Wapo wanaisimu waliokwenda mbali zaidi. McWhorter, tangu mwaka 1998, amedai kuwa krioli zinatambulikana kwa sifa za kimuundo, mojawapo ikiwa uchache wa viambishi vya uambatizi; DeGraff amempinga akisema kuwa mtazamo huo huzitenga lugha hizi bila sababu ya kiisimu. Mjadala huo haujafungwa. Inatosha kusema kwamba mkazo wa katulú haupo katika Kiarabu fasihi ukifanya kazi hiyo. Haukubakizwa na upotevu, ulijengwa.

Suala hili halikomei kwenye karatasi. Kauli ya kwamba Kinubi ni 'Kiarabu kilichovunjika' na Sheng ni 'maneno yasiyo na sarufi' husikika madarasani, na anayeambiwa hivyo ni mtoto ambaye usemi huo ndio wa kwake. Kwa Wanubi kauli hiyo imekuja pamoja na nyingine. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi kuhusiana na uraia, na ni mwaka 2017 tu ambapo jamii hiyo ilikabidhiwa hati ya sehemu ya ardhi ya Kibera, ekari 288. Watu walioambiwa kwa karne moja kwamba si wa hapa hawahitaji mhadhiri wa isimu awaongezee kwamba lugha yao nayo si lugha. Jina la eneo bunge lililotumika tangu uchaguzi wa 2013, Kibra, limeirudisha ile konsonanti mwambatano ambayo vinywa vya Kibantu vilikuwa vimeitenganisha kwa irabu. Kanuni ndogo ya fonolojia ikageuka kuwa hoja ya nani alifika kwanza.

Haifai, kwa upande mwingine, kuipamba mitaa hii kupita kiasi. Vitu zangu zimepotea, badala ya vitu vyangu vimepotea, si ushahidi wa ubunifu wala wa uharibifu hadi data ikusanywe: ni ngeli zipi zinazosalimu amri kwa zi-, kwa wasemaji gani, na mbele ya nani. Kadhalika kiambishi cha mazoea kinachosikika Kawangware katika anakujanga na inaitwanga, ambacho kinafanana na kile cha Kiluhya. Katika inaitwanga kinafuata -w- ya kutendwa, lakini mpaka wake haujulikani kwa kutazama mfano huo peke yake. Je, mofimu ni -ang- iliyotangulia irabu ya mwisho, au ni -nga iliyoongezwa baada ya neno kukamilika? Vitenzi vya mkopo visivyoishia kwa -a, kama samehe, jibu na sahau, ndivyo vitakavyoamua, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuvikusanya kwa alasiri moja katika kituo cha matatu.