Ufundi wa Masikio

Usiku wa tarehe 15 Agosti 1965, katika uwanja wa besiboli wa Shea mjini New York, umati uliozidi watu 55,000 ulipiga mayowe hata sauti za bendi ya Beatles, zilizokuwa zikipitishwa katika spika za uwanja zilizotengenezwa kwa ajili ya matangazo ya mchezo, zikazama zisisikike. Na vijana wale wanne wa Liverpool, ambao walikuwa wamesomea kazi yao kwa kupiga muziki usiku kucha katika vilabu vya Hamburg, hawakuweza kujisikia wenyewe. Ringo Starr, mpiga ngoma wao, amesimulia kuwa ilimbidi atazame migongo ya wenziwe ili ajue wimbo umefika wapi. Ni msiba wa ajabu kwa mwanamuziki, kupendwa na watu hata asisikike. Mwaka uliofuata, tarehe 29 Agosti, walifanya onyesho lao la mwisho la kulipiwa katika uwanja wa Candlestick Park, San Francisco, wakarejea Uingereza, na wengi wakadhani kuwa habari yao imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Walikwenda kujifungia studioni, na ufundi walioukuta humo ndio ninaotaka kuusifu, kwa sababu yako maneno yanayorudiwa sana na wapenzi wa muziki wa roki kwamba wimbo uliosafishwa na kutiwa nakshi umepoteza roho yake, kana kwamba roho hukaa katika makosa peke yake. Maneno hayo siyakubali, ingawa naelewa yanakotoka.

Zamani mrekodi wa santuri hakuwa na nafasi ya kusafisha kitu. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kutoka Unguja kuimba mbele ya mitambo ya kampuni ya His Master's Voice, sauti yake ilichorwa papo kwa papo juu ya nta, kwa dakika kama tatu tu kila upande, na aliyekosea hakuwa na hila ila kuanza upya juu ya nta nyingine. Kampuni ile, baada ya kuungana na mwenzake mwaka 1931, ndiyo iliyokuja kuitwa EMI, mwenye studio za Abbey Road, London, ambamo Beatles walifanya kazi; na santuri yao ndefu ya kwanza nayo haikuwa mbali na desturi ya nta, maana kumi kati ya nyimbo zake zilirekodiwa kwa siku moja, 11 Februari 1963, na ule wa mwisho John Lennon aliuimba kwa koo lililokwisha kuchubuliwa na mafua. Ni santuri nzuri, naipenda mpaka leo. Walakini kazi yake ilikuwa kuhifadhi jukwaa, na jukwaa lenyewe lilikuwa karibu kufa.

Utepe wa sumaku ulileta hali nyingine. Utepe hukatwa kwa wembe, huungwa, hugeuzwa ukaenda kinyumenyume, huharakishwa na kucheleweshwa. Na pale Abbey Road walikuwapo watu waliojua kuutumia. George Martin, mtayarishaji wao, alikuwa mpiga zumari aliyesoma muziki kwa taratibu, na kabla ya Beatles alikuwa ametoa santuri za wachekeshaji, kazi iliyomzoeza kutafuta sauti za kila namna pasipo kuona haya. Geoff Emerick alikuwa na umri wa miaka 20 tu alipokabidhiwa mitambo mwezi Aprili 1966. Katika nyumba ile, ambamo mafundi walivaa makoti meupe mfano wa matabibu na umbali wa maikrofoni ulikuwa na sheria yake, kijana huyu aliisogeza maikrofoni karibu na ngoma kubwa kuliko ilivyoruhusiwa, akaijaza ngoma hiyo sweta ya sufu ili mlio wake ukauke. Kwa wimbo wa Eleanor Rigby alizileta maikrofoni karibu sana na nyuzi za wapiga fidla wanane, nao wakachukizwa, maana kwa umbali ule kila mkwaruzo wa upinde ungejulikana. Na hilo ndilo alilolitaka! Wanaosema studio huficha ukweli wa chombo hawajasikiliza fidla zile.

Lakini mfano unaonistaajabisha kupita yote ni Strawberry Fields Forever, uliorekodiwa mwishoni mwa mwaka 1966. Lennon alikuwa na matoleo mawili, moja pole na la upweke, la pili zito lenye matarumbeta na fidla za sauti nzito, naye akataka mwanzo wa lile na mwisho wa hili. Martin alimjibu kuwa hayaungiki, maana yalitofautiana ufunguo na mwendo pia. Sasa, utepe ukiharakishwa mwendo huzidi na sauti hupanda kwa pamoja, na ukicheleweshwa vyote viwili hushuka. Na ikawa, kwa bahati ambayo mafundi wangeweza kuipuuza, kwamba toleo la chini ndilo lililokuwa la polepole zaidi, na pengo la ufunguo lilikaribia kulingana na pengo la mwendo, hata moja lilipoharakishwa kidogo na jingine likapunguzwa, yakakutana. Kiungo kiko karibu na mwisho wa dakika ya kwanza. Fundi wa jahazi akalafatiye ubao kwa ubao asiache upenyo wa maji hafanyi zaidi ya haya.

Vifaa vyenyewe vilikuwa haba. Mashine ilikuwa na njia nne tu, na zikijaa, zilichanganywa zikatiwa katika njia moja au mbili za utepe mwingine, na uamuzi uliokwisha kuchanganywa haukuwa na marejeo. Kwa hiyo usafi wa santuri ya Sgt. Pepper ya mwaka 1967, iliyowachukua takriban miezi mitano, ulikuwa usafi wa watu waliolazimika kusikiliza vema kabla ya kubonyeza. Mwishoni mwa A Day in the Life piano kadhaa zilipigwa kwa pamoja, na kadiri mlio ulivyofifia ndivyo fundi alivyozidi kuzipandisha maikrofoni, hata ukadumu zaidi ya nusu dakika, na anayetega sikio husikia kitu kikilia sakafuni. Hawakukifuta.

Upande wa pili wa shauri hili nao una ushahidi wake, na si haki kuunyamazia. Januari 1969 walijaribu kurudia upigaji mtupu, usio na nyongeza. Kazi ikawachosha, na mwaka 1970 tepe zake zikakabidhiwa mtayarishaji mwingine, Phil Spector, ambaye aliutia wimbo wa The Long and Winding Road okestra na kwaya ya wanawake pasipo idhini ya Paul McCartney, mtunzi wake. McCartney alighadhibika, na jambo lile likatajwa katika mashtaka yaliyovunja ushirika wa bendi. Wala hakuwa adui wa fidla, kwani mwenyewe aliwahi kuimba juu ya fidla nne mwaka 1965. Alichokikataa ni nakshi iliyochongwa na mkono wa mtu ambaye hakuwapo wimbo ulipozaliwa wala hakumwuliza aliyeuzaa. Mwaka 2003 wimbo ule ulitolewa tena bila mapambo, kutokana na upigaji mwingine wa Januari ileile, na kwa sikio langu ni bora mara nyingi, ijapokuwa piano imesimama karibu peke yake.