Saa Haigundui Ugonjwa: Uhakiki wa Kijitabu Kimoja cha Tafsiri

Mzee mmoja, karani mstaafu, alifika ofisini kwetu akiwa na saa mkononi na kijitabu mfukoni. Saa aliletewa na mwanawe kutoka Muscat, na kijitabu kilikuwa kimefasiriwa kwa Kiswahili. Usiku wa juzi yake saa ilimtetemea na kumwonyesha alama fulani. Alipoitafuta alama hiyo kijitabuni akakuta imeelezwa kuwa ni "mshtuko wa moyo". "Wanangu," alituuliza, "kama nimepata mshtuko wa moyo, mbona nimekuja kwa miguu?" Tulimsihi kwanza aende hospitali, kisha tukamwomba atuachie kijitabu. Jina la mtengenezaji tunaliacha, maana makosa ya aina hii tumeyakuta pia katika tafsiri nyingine zipitazo mezani petu.

Yafaa kwanza tueleze kazi ya kifaa chenyewe, kwani mfasiri asiyeijua kazi hiyo hataweza kuipa jina. Nyuma ya saa pana taa ya kijani inayomulika ngozi. Damu hunyonya mwanga huo, na kwa kuwa damu hujaa na kupungua mishipani kwa kila pigo la moyo, mwanga unaorudi nao hubadilika. Mabadiliko hayo ndiyo yanayohesabiwa. Baada ya siku kadhaa saa huwa imekwisha kuyazoea mapigo ya mwenyewe, hatua zake na usingizi wake. Jambo likienda kinyume na mazoea hayo, hutoa habari.

Hayo si madogo. Mwaka 2017 Michael Snyder wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, pamoja na wenzake, walieleza jinsi vipimio alivyovivaa mwenyewe safarini kwenda Norway vilivyoonyesha oksijeni ya damu kupungua na mapigo kupanda kuliko desturi yake. Baadaye homa ikaja, na uchunguzi wa damu ukathibitisha ugonjwa wa Lyme, unaoenezwa na kupe. Mwaka 2020 watafiti wa chuo hicho hicho walichunguza kumbukumbu za saa za watu 32 waliopata UVIKO-19, na kwa watu 26 miongoni mwao wakaona mabadiliko ya mapigo, hatua au usingizi. Lakini msomaji aangalie: katika habari ya Snyder, vipimio vilidokeza, na damu ndiyo iliyothibitisha.

Kijitabu chetu hakijui tofauti hiyo. Ukurasa wa kwanza chasema, "Saa hii hugundua magonjwa mapema." Katika Kiswahili cha hospitali, mtu "akigundulika kuwa na kisukari" shauri limekwisha; kilichobaki ni dawa. Kitenzi hicho ni cha daktari. Saa yapaswa kupewa kitenzi cha chini yake, nasi twapendekeza "kudokeza", na tokeo lake liwe "dokezo". Wako watakaosema "kuashiria" ni bora, nasi hatuna ugomvi nao sana, ila ishara yaweza kuwa ya jambo la yakini, na dokezo daima humwachia msikiaji kazi ya kwenda kuuliza.

"Kupima" ni tatizo la namna nyingine. Asili yake ni kutafuta kadiri ya kitu, na kwa maana hiyo saa hupima mapigo kama kipimajoto kipimavyo joto. Lakini zahanati zimelipa neno hili maana ya pili: mtu hupima malaria, hupima mimba, na kwa miaka mingi sasa ukisikia tu kwamba fulani "amekwenda kupima", huulizi amepima nini. Basi kijitabu kinapoandika "saa hupima moyo wako usiku na mchana", msomaji huelewa kwamba moyo wake unafanyiwa uchunguzi usiku na mchana, na asipopewa habari mbaya hujiona mzima. Neno "mapigo" likiongezwa hapo, hatari imeondoka.

Kuna makosa mengine ambayo ni ya uvivu mtupu. Mapigo ya mtu aliyetulia yameitwa "kiwango cha kupumzika kwa moyo", na moyo ukipumzika, ndugu msomaji, hakuna haja tena ya saa. Kile kiwango cha mazoea ya mtu, ambacho ndicho msingi wa kazi yote, kimeitwa "mstari wa chini". Mfasiri alilitazama neno, hakuitazama dhana.

Turudi kwa alama iliyomnyima mzee usingizi. Dhana iliyokusudiwa ni vyumba vya juu vya moyo kutukutika ovyo badala ya kupiga kwa mpango; hali hiyo yaweza kuleta damu iliyoganda na kiharusi. Mshtuko wa moyo ni mambo mengine kabisa: njia ya damu iendayo katika misuli ya moyo huziba, na hilo halionekani kwa taa ya kijani. Kamati yetu ilifikiria "mtetemo", ikaliacha, maana saa yenyewe hutetema inapoonya. "Mpapatiko" latufaa kwa hali nyingine iliyo jirani, ambayo mapigo yake ni ya kasi lakini yana mpango. Tumebaki na "mtukutiko wa moyo", nasi twaliweka mbele ya wasomaji walipime.

Mwisho ni "chanya ya uongo". Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2019, uliofanyika Marekani kwa saa za Apple, walishiriki watu 419,297, na waliopewa onyo la mapigo yasiyo na mpango walikuwa 2,161. Kati ya 450 waliovaa kibandiko cha kurekodi umeme wa moyo na kukirudisha, asilimia 34 ndio walioonekana na mtukutiko. Je, waliobaki walidanganywa? La, hatuwezi kusema hivyo juu yao wote, kwani mtukutiko huja na kuondoka, na kibandiko kilivaliwa baadaye. Uongo wataka nia, na saa haina nia. Pale ambapo ugonjwa kweli haupo, "onyo la bure" latosha.

Mzee alirudi Ijumaa kuchukua kijitabu chake. Hospitali walikuwa wamerekodi moyo wake na kumtaka arejee baada ya wiki mbili. Alisoma tuliyoyaandika pembeni kwa penseli, akakaa kitambo kwenye "mtukutiko", kisha akatuuliza kama ni neno la Unguja au la Mombasa. Tulimwambia tutamjibu.